Bi. Hawa alishinda hoja, akakosa nyumba

Kuna maswali matano ambayo shahidi huulizwa mahakamani kabla hajaanza kusema lake: jina, umri, kabila, dini, kazi. Wengi wetu huyajibu haraka haraka, kama tunavyojibu kwenye dirisha la zahanati. Dada mmoja wa hapa kwetu Mpanda alipofika kwenye la tano alijibu, "Sina kazi, ni mama wa nyumbani." Likaandikwa vivyo hivyo.

Siku hiyo alikuwa akidai fungu lake katika nyumba na mashine ya kukoboa mpunga, baada ya ndoa ya miaka 14 kuvunjika. Hukumu ilipotoka, suala la mali lilimalizwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kuwa mdai amekiri kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hana kazi. Ya pili ilisema kuwa risiti zote na hati ya kiwanja ni za mume, kwa hiyo mdai hana mchango wowote.

Mahakama yenyewe sitaitaja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mimi si wakili. Nafundisha somo la uraia sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa baraza la usuluhishi wa ndoa la msikitini kwetu. Kazi yangu ni kuandika wanayosema watu, na baraza likishindwa, kuandika hati ya kwamba limeshindwa. Kwa Tanzania Bara, ukiacha hali chache zilizotajwa na sheria, kesi ya talaka haipokelewi mahakamani bila hati hiyo. Ndoa ya dada huyu ilipita mikononi mwangu, na ndiyo iliyonilazimisha nijifunze haya ninayotaka kuyaeleza leo.

Pale barazani kila mtu alikuja na sheria yake kichwani. Mume alisema, "Masheikh zangu, kiwanja ni jina langu, mashine ni jina langu. Huyu kachangia nini?" Mke akajibu, "Sheria inasema nusu kwa nusu, hata redioni wanasema." Mzee mmoja wetu, mtu wa heshima na elimu, akasema mke aliyeachwa ana mahari yake kama ilibaki, ana matumizi yake ya eda, na ana kitoka nyumba, zaidi ya hapo ni kutafuta ugomvi. Mimi nikaandika yote matatu. Sikuwa na la nne, maana hata mimi sheria yenyewe sikuwa nimeisoma.

Hebu tuisome sasa. Ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114. Kinaipa mahakama uwezo, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, kuamuru mgawanyo wa mali ambazo wanandoa wamezipata wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Katika kugawa, mahakama inatakiwa iangalie mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi katika kupata mali hiyo, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuzingatia hayo yote, ndipo mahakama ielekee kwenye usawa. Kwa hiyo hilo neno "nusu kwa nusu" la redioni halimo. Kilichomo ni kuelekea kwenye usawa, tena baada ya vizingiti vinne.

Lakini angalia yale maneno mawili, mchango na kazi. Sheria hii iliandikwa kwa Kiingereza, na sisi tunaisikia kwa Kiswahili. Ukimwambia mtu wa Mpanda neno "mchango", kinachomjia ni kadi ya harusi, bahasha, na daftari la mweka hazina lenye jina lako na tarakimu mbele yake. Mchango usiokuwa na tarakimu hauingii akilini. Na "kazi" ni ile unayoamkia asubuhi na kulipwa mwisho wa mwezi, au jembe, au duka. Mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri na kulala wa mwisho, ukimuuliza kazi yake, yeye mwenyewe atakwambia hana. Dada yetu hakusema uongo mahakamani. Alijibu kwa Kiswahili cha kila siku swali ambalo jibu lake lilikuwa likipimwa kwa maana ya kisheria.

Na maana hiyo ilikwisha kutolewa mwaka 1983, wakati Mpanda bado ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa na Mkoa wa Katavi haujazaliwa, maana ulikuja mwaka 2012. Ilitolewa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wanasheria wanaijua kama tunavyoijua sisi Suratul-Ikhlas. Ajabu ni kuwa watu inaowahusu hasa, yaani mabwana na mabibi waliofunga ndoa zao kwa nikaha kama alivyofunga Bi. Hawa, wengi hawajawahi kuisikia.

Bi. Hawa na mumewe walioana Dar es Salaam mwaka 1971, na ndoa ikavunjwa na mahakama mwaka 1980. Alipodai fungu katika mali, mahakama ya mwanzo ilisema hana haki, yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake. Akaenda Mahakama Kuu, akashindwa. Akapanda hadi Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake. Swali lilikuwa moja: je, kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni "kazi" na ni "mchango" kwa maana ya kifungu cha 114?

Usidhani swali hilo lilikuwa jepesi. Majaji wa Mahakama Kuu wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wapo walioshika mtazamo finyu, nao walikuwa na hoja: mume anawajibika kisheria kumtunza mkewe, na mke anatunza nyumba kama wajibu wake wa ndoa. Mchango unaozungumzwa ni wa "kupata mali hiyo", na kupika ugali hakununui nyumba. Bunge lingetaka kazi za nyumbani zihesabiwe, lingesema. Wa mtazamo mpana wakasema mume asingeweza kwenda kutafuta kama hakuna aliyebaki kulea na kutunza, kwa hiyo alichopata wamekipata wote wawili.

Hapa ndipo msomaji Mwislamu hapaswi kuona kizunguzungu, maana mfano wake anao. Baada ya vita vya Ahzab, Mtume (s.a.w.) aliwaagiza Masahaba kwamba asiswali mtu Alasiri ila kwa Bani Quraydha. Wakiwa njiani wakati wa Alasiri ukawaingilia. Kundi moja likasema hatuswali mpaka tufike, kwa kuwa hayo ndiyo maneno. Kundi la pili likasema alichotaka ni tufanye haraka, hakutaka tuache Swala, wakaswali njiani. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) hakulaumu kundi lolote. Wanazuoni wamelizungumza tukio hilo kwa karne nyingi: wapo wanaosimama kwenye tamko, na wapo wanaotafuta makusudio.

Mahakama za Uingereza, ambako sisi tumerithi namna yetu ya kusoma sheria, zilipita njia hizo hizo mbili. Ya tamko wakati mwingine iliwafikisha mahali pa kuchekesha. Mwaka 1868, katika kesi ya Whiteley na Chappell, kulikuwa na sheria inayokataza mtu kujifanya mwingine "mwenye haki ya kupiga kura". Mshitakiwa alijifanya mtu aliyekwisha kufa. Akaachiwa, kwa sababu maiti hana haki ya kupiga kura! Tamko liliheshimiwa, na udanganyifu ukapita mlangoni ukitabasamu.

Njia ya pili ina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1584, katika kesi ya Heydon iliyohusu ardhi ya chuo kimoja cha kidini huko Ottery, majaji waliweka maswali manne ya kujiuliza. Sheria ilikuwaje kabla ya hii mpya? Ni dhara gani ambalo sheria ya zamani haikulitibu? Bunge limeleta dawa gani? Na sababu ya kweli ya dawa hiyo ni ipi? Kisha jaji achague tafsiri itakayolizuia dhara na kuipa nguvu dawa.

Njia hii ndiyo aliyoipita Jaji Mkuu Nyalali mwaka 1983. Aliitazama Sheria ya Ndoa nzima, si kifungu kimoja, akauliza ilikuja kutibu nini. Jibu la mahakama lilikuwa kwamba ilikuja kuwaondolea wanawake walioolewa uonevu na unyonyaji wa waume zao. Ukishasema hivyo, tafsiri finyu haiwezi kusimama, kwa sababu inalirudisha lile lile dhara kupitia mlango wa nyuma. Kwa hiyo maneno "juhudi za pamoja" na "kazi" yakatafsiriwa kuwa yanabeba na kazi za nyumbani.

Mimi naona walikuwa sahihi. Lakini nikiri jambo moja linalonisumbua. Masahaba wale waliweza kuachwa kila kundi na ijtihadi yake, kwa kuwa kila mmoja aliswali Swala yake. Hakimu hana nafasi hiyo. Mbele yake wapo wawili na nyumba ni moja, akimpa huyu amemnyima yule. Ndiyo maana suala la pili, la nani anamfunga nani, ni zito kuliko hata la kutafsiri.

Fikiria hali ilivyokuwa kabla ya 1983. Uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu haumfungi jaji mwenzake wa mahakama hiyo hiyo, unamshawishi tu. Kwa hiyo mke aliyeachwa, sheria ikiwa moja na kifungu kimoja, angepata au angekosa kutegemea faili lake limeangukia meza ya nani. Dawa ya hilo ni kanuni kwamba mahakama ya juu ikishatamka maana ya sheria, zilizo chini yake zinafuata, zipende zisipende.

Kanuni hii nayo tulirithi. Amri ya kikoloni ya mwaka 1920 iliingiza Tanganyika sheria ya mazoea ya Kiingereza, kanuni zake za usawa na sheria zake za jumla kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira ya nchi na wakazi wake yanavyoruhusu. Tarehe hiyo bado imo katika sheria zetu mpaka leo. Waingereza wenyewe walikuwa wakali mno: mwaka 1898 Baraza la Mabwana, iliyokuwa mahakama yao ya juu kabisa, lilisema linafungwa hata na maamuzi yake lenyewe, yaani likikosea, litakosea milele mpaka Bunge liliokoe. Lilikaa hivyo hadi Julai 1966 lilipotangaza kuwa linaweza kuacha uamuzi wake wa zamani inapoonekana ni haki kufanya hivyo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikachukua msimamo wa namna hiyo katika kesi ya Dodhia, iliyoripotiwa mwaka 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979.

Na mwaka 1988, katika kesi ya Jumuiya ya Wafanyakazi (JUWATA) na Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa (KIUTA), mahakama hiyo ikasema wazi. Yenyewe inaweza kuuacha uamuzi wake wa zamani ikiona ni sahihi kufanya hivyo. Lakini mahakama zote na mabaraza yote yaliyo chini yake yanafungwa na maamuzi yake, yawe sahihi, yasiwe sahihi. Hakimu wa chini hana ruhusa ya kusema Mahakama ya Rufani imekosea, nami nafuata jingine. Anaweza kulalamika kwenye hukumu yake, lakini atafuata.

Msomaji wetu mwenye kusoma fiqhi atashituka. Anakumbuka Sayyidna Umar (r.a.) katika ile mirathi iliyoitwa Mushtaraka. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama, ndugu wa upande wa mama tu, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mume nusu, mama sudusi, ndugu wa mama thuluthi, na mali imekwisha. Ndugu wa baba na mama, ambao damu yao ni ya karibu zaidi, wametoka mikono mitupu. Mara ya kwanza Umar (r.a.) aliamua hivyo. Mara ya pili wakamwambia, hebu mfanye baba yetu kuwa ni punda, je, mama yetu si mmoja na hawa? Akawashirikisha wote katika ile thuluthi. Alipokumbushwa uamuzi wake wa kwanza, alisema kwa maana hii, kwamba ule unabaki kama tulivyohukumu wakati ule, na huu ni kama tunavyohukumu sasa. Hakuurudisha nyuma wa kwanza, wala hakufungwa nao katika wa pili. Mashafi na Wamaliki wakashika ule wa kushirikisha. Mahanafi na Mahanbali wakashika ule wa mwanzo.

Basi je, sisi hatuna kufungwa? Tunako, ila kwa sura nyingine. Kadhi wa Kishafi wa pwani yetu haanzi kila shauri kutoka kwenye Aya na Hadithi. Anafungua Minhaj ya Imamu Nawawi, anaangalia kauli iliyotiliwa nguvu katika madhehebu, anahukumu kwayo. Kinachomfunga ni kauli ya wanazuoni, si hukumu ya kadhi aliyemtangulia. Kwa Waingereza anayefunga ni jaji aliyekaa kwenye kiti, katika shauri la watu halisi waliogombana. Ni tofauti kubwa, na ina matokeo yake, ambayo nayo yamo ndani ya kesi ya Bi. Hawa mwenyewe.

Maana Bi. Hawa alishindwa. Naam, alishinda ile hoja kubwa, kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, kisha rufaa yake ikatupwa. Mumewe alikuwa amempa fedha aanzishe mradi mdogo wa familia, naye akazitapanya. Mahakama ikaona kuwa fungu lake amekwisha kulila. Akatoka bila kitu kingine.

Jambo hili limewachanganya watu wengi, na yule mume wa barazani akiwa mmojawapo. Rafiki yake mmoja aliyesoma kidogo alimwambia, "Usiogope, hata Bi. Hawa mwenyewe hakupata." Lakini si kila kilichomo ndani ya hukumu kinafunga. Kinachofunga ni ile kanuni ya sheria ambayo bila hiyo swali lisingejibika: kwamba kazi za nyumbani zinaingia katika kifungu cha 114. Kutopata kwake kulitokana na mambo ya nyumba yake, fedha za mradi na kutapanywa kwake. Kama nyumbani kwako hapakuwa na mradi wala kutapanya, kanuni inakufuata, matokeo hayakufuati. Na kuna aina ya tatu, yale maneno ambayo jaji huyasema pembeni, kwa kupita, bila shauri kuyahitaji. Hayo hushawishi tu, wala hayafungi. Mawakili hulipwa, tena vizuri, kwa kuvitenganisha vitu hivi vitatu.

Kanuni ile iliendelea kufanya kazi. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliifuata katika kesi ya Mohamed Abdallah na Halima Lisangwe, mke akapata fungu kwa sababu ya kulea na kutunza nyumba. Lakini Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ilifungua mlango bila kuacha kipimo. Kazi ya nyumbani ni mchango, sawa. Ni mchango wa kiasi gani? Katika uamuzi uliotolewa Tanga mwaka 2020, Rufaa ya Madai namba 102 ya mwaka 2018, mahakama hiyo hiyo ilisisitiza kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na kila upande uthibitishe wa kwake. Hapa nina malalamiko yangu. Mume ana risiti. Mke athibitishe vipi miaka 14 ya kuchota maji? Anayeandika risiti ya uji ni nani? Kanuni imesema kazi hiyo ina thamani, kisha inamtaka mwenye nayo alete karatasi ambazo kazi ya namna hiyo haizai. Mahakimu wawili wanaweza kuwa na ushahidi ule ule, mmoja akatoa sehemu ya kumi na mwingine theluthi, na wote wakawa wameifuata Bi. Hawa.

Turudi kwa yule mzee wetu wa mahari, eda na kitoka nyumba, maana hoja yake haipuuzwi. Wengi wetu tunadhani kwamba kuhesabu kazi ya mke ni jambo la Wazungu. Lakini vitabu vya Kishafi vyenyewe vinasema mke hakuolewa kwa ajili ya utumishi; kupika na kufua si wajibu wa akidi kwake. Nilipomsomea mzee alicheka akasema hilo tusiliseme kwa sauti, mabibi watasikia. Na ikiwa si wajibu wake, basi anapokwenda kwenye shamba au mashine ya mume, anatoa kitu chake. Huko Morocco, katika karne ya 16, ile ile ya kesi ya Heydon, faqihi wa Kimaliki Ibn Ardun wa milima ya Ghomara alitoa fatwa kwamba wanawake wanaofanya kazi mashambani na waume zao wana fungu lao katika mazao. Wamorocco wanaiita haki ya jasho na juhudi. Haikuwa fatwa ya kila mwanazuoni, wengine waliipinga. Ila huwezi kusema wazo lenyewe lilishuka na meli kutoka London.

Mzee hakukubali yote. Alisema Mmorocco alizungumzia mashamba, hakuzungumzia masufuria. Nikaona ana hoja, na ndiyo hoja ile ile ya mtazamo finyu wa kabla ya 1983.

Dada yetu alikata rufaa. Alikuja kwangu na nakala ya mwenendo wa kesi aliyoitoa fotokopi karibu na stesheni, akaniomba nimsomee. Rufaa si mahali pa kuleta mashahidi wapya kwa kawaida, mahakama husoma yaliyokwisha kuandikwa. Basi tukayasoma. Na humo humo, katika ushahidi wa mume, alipokuwa akijisifu jinsi alivyohangaika na ile mashine, tukakuta amesema kwamba kila alipopanda treni kwenda Tabora kutafuta vipuri alimwacha mkewe asimamie wakobozaji na kupokea fedha. Ukurasa mwingine, akijibu maswali, alisema mafundi wa nyumba walikula hapo hapo kwa muda wote wa ujenzi. Aliyewapikia hakumtaja, lakini nyumba hiyo haikuwa na mpishi mwingine. Mke alitafuta ushahidi wake kwa miezi, kumbe alikuwa ameusema mume.

Sababu ya rufaa tuliyoiweka kwanza ilikuwa fupi: kwamba mahakama ya chini ilikosea kisheria kwa kutofuata uamuzi wa mwaka 1983 unaoifunga. Hatukuhitaji kumshawishi hakimu wa rufaa kwamba Bi. Hawa alitendewa haki au hakutendewa. Tulihitaji tu kumwonyesha kwamba uamuzi upo. Zamani hata hilo lingekuwa gumu. Hukumu zilikuwa kwenye vitabu vya ripoti za sheria ambavyo mtu wa Mpanda angevipatia wapi? Leo maamuzi ya mahakama yanawekwa bure kwenye mtandao wa TanzLII, na mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alitafuta kwa simu huku nikimtazama.

Lugha bado ni tatizo. Hukumu ya Bi. Hawa ni ya Kiingereza, kesi ya dada yetu tangu mwanzo ni ya Kiswahili, maana mahakama za mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo jema, lakini litaleta maswali mapya. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa mwaka 1983 likishakuwa "mchango" kwenye maandishi ya sheria, litakuja na daftari lake la harusi. Na "kazi" itakuja na lile jibu la kizimbani. Majaji watakaolitafsiri upya watakuwa wakitafsiri lugha ya mama zao.

Rufaa ilisikilizwa, na hukumu ikasomwa baada ya wiki chache. Kurasa kumi, kwa Kiswahili. Hakimu aliandika kwamba jibu la shahidi kuhusu kazi yake ni maelezo ya kumtambulisha, wala si ungamo la kisheria. Akamtaja Bi. Hawa kwa jina, akayataja maneno ya mume kuhusu treni ya Tabora, akampa mke robo ya thamani ya nyumba na theluthi ya mashine. Kwa nini robo huku na theluthi kule, hakueleza sana.

Juzi mume alinikuta nje ya msikiti baada ya Ijumaa, hukumu imekunjwa mfukoni. "Ustadh," akasema, "nisomee hapa wanapomtaja huyo Bi. Hawa, maana naambiwa siku za rufaa bado ninazo." Tukakaa kwenye baraza, nikamsomea kama nilivyomsomea mkewe.